Maua ya Aprili Katika Bustani Ndogo za London

Ukiutaja mji wa London, wengi hufikiria mvua na watu wanaokimbilia treni. Sisi wauguzi tuliotoka Afrika Mashariki tuliujua hivyo hivyo. Zamu ya usiku, kulala, kisha zamu tena.

Aprili moja mwenzetu alipigiwa simu kutoka nyumbani. Mama yake amefariki. Nauli haikupatikana kwa wakati, na mazishi yakafanyika bila yeye. Hakulia. Kesho yake alirudi wodini akatandika vitanda kama kawaida. Ukimya ule ulitutia hofu kuliko machozi. Jumamosi tukamwambia, "Dada, twende tukatembee."

Tulianzia Postman's Park, karibu na kanisa kuu la St Paul's. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1880 mahali palipokuwa makaburi ya kanisa. Watumishi wa posta walizoea kula chakula cha mchana hapo, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Tulipu nyekundu na za njano zilikuwa zimefunguka. Chini ya kibanda, ukutani, kuna vigae vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Ukumbusho huo ulianzishwa na mchoraji George Frederic Watts mwaka 1900. Tulisoma habari za Alice Ayres, msichana wa miaka 25 aliyekuwa akilea watoto wa dada yake. Aprili 1885 nyumba iliwaka moto usiku. Aliwatoa watoto watatu kupitia dirishani, kisha akaruka mwenyewe na kufa kwa majeraha.

Tukavuka mto Thames kwa miguu hadi Union Street, mtaa ilikotokea ajali hiyo. Hatua chache kutoka hapo ipo Red Cross Garden, iliyoanzishwa mwaka 1887 na mama Octavia Hill. Aliona wafanyakazi maskini wamebanana katika vyumba visivyo na ua, akasema nao wanahitaji maua na hewa safi, si paa tu. Basi mahali palipokuwa na kiwanda cha karatasi pakawa bustani.

Hapo palijaa dafodili, maua ya njano yenye umbo la tarumbeta. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia alitueleza kwamba maua haya hutokana na mizizi kama vitunguu, ambayo hufukiwa ardhini kabla ya majira ya baridi. Isipopata baridi ya wiki nyingi, haichanui vizuri. (Akina mama, msiwaachie watoto mizizi hiyo. Ina sumu.)

Mwenzetu akakaa kwenye benchi. "Mama alipanda maua kwenye makopo ya mafuta, mbele ya jiko," akasema. Ndipo machozi yakamtoka. Hatukumhubiria. Tulimpa kitambaa, tukammiminia chai kutoka kwenye chupa, tukakaa naye mpaka jua likahama kwenye benchi letu.

Tangu siku hiyo, kila Aprili tunarudi. Bustani hizi hazina kiingilio, na nyingine huzimaliza kuzizunguka kwa dakika tano.

Nawe mama, huenda kwenu hakuna dafodili, lakini penye mti na kivuli hapakosekani. Ukiwa na mfiwa, usimlemee kwa maneno mengi. Mchukue mkono, mkakae nje pamoja.