Nani Atanibeba?

Sisi wazee wa bonde la Rufiji tuna kiburi kimoja: tunajidai kuyajua maji. Wazazi wetu walipanda mpunga wakiyasubiri, na yalipojaa walipanda dungu, kibanda cha juu ya nguzo, maisha yakaendelea huko juu. Hata serikali ilipotuhamisha bondeni baada ya mafuriko ya 1968, wengi tulirudi kila msimu. Mashamba yalikuwa huko, sasa tungekula nini?

Kiburi hicho ndicho kinachotuweka ndani mpaka maji yaguse kitanda. Aprili 2024, mto ulipofurika na vijana wa Muhoro wakapita na mitumbwi kutuondoa, wapo wenzangu waliojibu, "Haya ni ya kawaida." Ya kawaida! Mto wa sasa una Bwawa la Julius Nyerere juu yake, mvua hazifuati tena hesabu zetu, na magoti haya hayapandi dungu.

Tena watu wamepungua. Zamani bibi alibebwa na wajukuu kwa kupokezana, wala hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Wanangu leo wako mjini, Mbagala. Wananikumbuka, fedha wanatuma, lakini simu haimvushi mtu maji. Niliyebaki naye ni mkwe wangu, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya masika tulikaa mkekani tukapanga. Wa kunibeba ni kijana jirani mwenye bodaboda. Akiwa safarini, mvuvi wa nyumba ya tatu. Wote wawili wameambiwa, na mwenyekiti wa kitongoji anajua. Nitapelekwa kwa dada yangu kwenye mwinuko, si kulala darasani kwenye kambi ya mafuriko, maana mzee huamka usiku kutafuta choo na vijana wanaopanga kambi hawalifikirii hilo. Dawa za presha, kadi ya kliniki, kitambulisho cha taifa na miwani ya zamani vimo kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati. Majina ya dawa na namba za simu tumeandika karatasini, kwa sababu umeme ukikatika simu nazo hufa.

Mkwe wangu akauliza, "Baba, na ukikataa kuondoka?"

Swali zito hilo kwa anayemlea mkwewe. Nilimjibu mbele ya majirani, wanangu wakisikia kwenye simu, asije akalaumiwa: wanibebe hata nikitukana.