Sasa Nauacha Mtiki Uwe wa Kijivu

Mimi ni mzaliwa wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Useremala nimejifunzia Morogoro mjini, na mtiki tulioutumia ulitoka Shamba la Miti Mtibwa, kule Mvomero. Mlango ulikuwa hautoki karakanani bila kung'aa. Msasa, vanishi, msasa tena, hadi mteja ajione uso kwenye ubao. Kwa mlango wa ndani bado nafanya hivyohivyo.

Kilichonibadilisha ni sitaha ya mashua moja Bagamoyo. Mbao zilikuwa zimegeuka kijivu, na mwenye mashua alitaka nizirudishie rangi. Mzee aliyekuwa akiitunza aliitikia shikamoo yangu, akachutama, akakwangua kidogo kwa ukucha. Chini yake mtiki ulikuwa na rangi ya asali.

"Mwanangu, hili ni jua tu. Mbao ni nzima."

Kisha akanionyesha vizibo vya mbao vinavyofunika skrubu: vimelika, vyuma vinachungulia. Kila fundi aliyekuja na msasa, akasema, aliondoka na kipande cha sitaha.

Tukaiosha alfajiri, kabla jua halijakausha sabuni. Ndoo ya maji ya bahari, sabuni kidogo isiyo kali, brashi laini. Unasugua kwa kukata nyuzi za mbao, usizifuate. Ukizifuata, brashi inachimba sehemu laini, ubao unabaki na vijifereji vya kuhifadhi uchafu na ukungu. Brashi ya waya isiguse kabisa. Vipande vyake hubaki kwenye ubao, vikashika kutu na kuacha madoa meusi. Halafu unakagua kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao, kiungo kwa kiungo, maana maji hupenya hapo kabla ya kupenya kwenye mtiki, wenye mafuta yake ya asili.

Leo viti na mabenchi ya nje ninayotengeneza Morogoro nayatunza hivyo, ingawa maji yangu ni ya bomba. Mti wa kusubiriwa miaka 25 hadi 30 shambani, roho inaniuma kuuona ukigeuka vumbi la msasa kila masika yakiisha.

Wapo wateja wanaotaka wang'arishiwe, na mafuta ya kupaka siwakatazi. Ila nawaambia mapema: jua litayala, na anayeanza kupaka ajiandae kurudia. Benchi lililopakwa mafuta likatelekezwa mvuani huota ukungu mweusi, na hapo ndipo watu hukimbilia msasa.