Safu ya Saba

Umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulipoanza kuwaka Mtwara mjini mwaka 2007, seva yetu ya barua pepe ilipata nafuu. Intaneti bado ilikuwa ya dishi la setilaiti, ghali na nzito, ndiyo maana barua tulizihifadhi palepale ofisini.

Enzi hizo kila mwenye sanduku la barua alikuwa na akaunti kamili ya Linux. Karani wa ghala na mhasibu wangeweza kuingia ndani ya seva na kupewa sheli, yaani programu ya kuandikia amri, ingawa hawakujua kama ipo. Kilichonikosesha usingizi ni akaunti zisizo za mtu: ya kuchuja virusi, ya skana, ya nakala rudufu. Nazo zilipewa sheli, na nywila zake zilikuwa majina yake yenyewe.

Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulipofika kusini, seva ikaonekana dunia nzima. Nikifungua kumbukumbu zake asubuhi nakuta wageni wamebisha usiku kucha kwa majina yaleyale: test, backup, oracle.

Faili la /etc/passwd lina safu saba katika kila mstari, zimetengwa kwa nukta pacha, na ya saba ndiyo sheli. Hapo ndipo nilipoanza kuandika /sbin/nologin, akaunti moja baada ya nyingine. Anayejaribu kuingia anaambiwa akaunti haipatikani, kisha anatolewa.

“Barua zangu zitafika, mwanangu?” aliniuliza mhasibu wetu.

“Zitafika mama, kama kawaida.”

Na zilifika, maana Postfix, programu yetu ya barua, hupokea barua bila kujali mwenyewe ana sheli au hana.

Lakini nologin haitoshi, na jambo hili mafundi wengi hawaambiwi. Mwenye nywila bado anaweza kupitisha njia ya siri ndani ya SSH, mlango wa kuingilia seva kwa mbali, bila kuomba sheli kabisa, akaufikia mtandao wote wa ndani. Dawa ni kuorodhesha kwenye mipangilio ya SSH majina yanayoruhusiwa tu.

Baadaye tuliwaondoa watumiaji wote kwenye faili lile. Masanduku yao sasa yanamilikiwa na akaunti moja, vmail, isiyo na sheli wala nywila, na mfanyakazi mpya huongezwa kwenye hifadhidata. Akaunti ya huduma iliyobaki na sheli ni ya nakala rudufu, kwa kuwa rsync inayopita kwenye SSH haiendi bila sheli. Hiyo tumeipa ufunguo unaokubali amri moja tu, kutoka anwani moja.