Siku Niliyofungua Gurudumu la Gari Langu



Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Lusu, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Elimu yangu ni ya Kurani na ya shule ya msingi tu, na umri wangu umekwisha pita miaka 50. Muda wote huo nimefundisha watoto kushika kalamu, lakini spana nilikuwa sijapata kuishika. Leo napenda kuwasimulieni jinsi nilivyobadili pedi za breki kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza, maana katika kazi hiyo nilijifunza jambo lililonitia haya, na huenda likamfaa baba au kijana mmoja miongoni mwenu.

Nina Toyota Corolla kuukuu. Ndiyo inayochukua wanafunzi kwenda katika maulidi, na ndiyo inayopeleka wagonjwa wa mtaani kwetu hospitalini Nzega. Mwezi wa Shaabani uliopita ilianza kulia kila nilipokanyaga breki, sauti nyembamba kama ya panya. Nikasema moyoni: hili ni vumbi la kiangazi. Hata hivyo nilimwonyesha kijana mmoja fundi, aliyesoma kwangu Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Akachutama, akachungulia katika matundu ya rimu, akaniambia, "Maalim, pedi bado nene." Nikafurahi, nikaenda zangu.

Baada ya wiki mbili ile sauti ikageuka kuwa mkwaruzo wa chuma juu ya chuma. Siku moja alasiri nilikuwa natoka Nzega, nimepakia wanafunzi wanne. Mbele yetu mbuzi wakakata njia, na nyuma yao mtoto mchungaji. Nikakanyaga breki, gari likavutwa upande wa kushoto, wala halikusimama mahali nilipotaka lisimame. Liliposimama, baina ya bampa na yule mtoto hapakuwa na zaidi ya hatua mbili. Mtoto alicheka, akakimbilia mbuzi wake. Mimi mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kuwasha gari tena kwa muda.

Hofu ile ikageuka hasira. Ijumaa, baada ya Swala, nikakaa barazani mbele ya watu nikasema, "Kijana yule aliniambia pedi ni nzima. Ni mwongo, tena angeniua pamoja na watoto wenu." Watu wakatikisa vichwa. Sikumtaja kwa jina, lakini Lusu si mji mkubwa. Kila mtu alimjua.

Nikaapa kwamba breki zangu nitazitengeneza mwenyewe. Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi katika njia ya Singida na Nzega, akishuka mlima wa Sekenke na shehena. Nilipomweleza kusudi langu hakunicheka. Alisema tu, "Mwalimu, kwanza tufungue tuone. Hasira haina spana."

Jumamosi asubuhi tuliliweka gari mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mzee akanifundisha kulegeza nati za gurudumu kabla ya kupandisha jeki, kwa kuwa gurudumu likiwa hewani huzunguka tu. Tulipokwisha inua, akakataa katakata nisogee mpaka stendi ya chuma imewekwa chini ya gari, na gurudumu nililolitoa limelazwa uvunguni. "Jeki huinua," akasema, "haikupewa kazi ya kulinda."

Nikaiona kalipa, kile chuma kinachoikumbatia diski kama kiganja. Kwa nje pedi ilionekana nene, sawasawa na maneno ya yule kijana. Tukafungua bolti ya chini kwa spana namba 14, tukainua kalipa bila ya kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Nikaichomoa pedi ya ndani, ile isiyoonekana mpaka kalipa iinuliwe. Haikuwa na kitu. Umebaki ubao wa chuma mtupu, nao umechora mifereji katika diski.

Mzee akanionyesha sababu. Kalipa ya namna ile huteleza juu ya pini mbili. Pistoni huisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza na kuivuta ya nje, zikabana diski kwa pamoja. Mpira unaofunika pini ukipasuka, vumbi na maji huingia, pini ikashika kutu, kalipa ikakataa kuteleza. Basi ya ndani hufanya kazi peke yake mpaka ikaisha, na ya nje hubaki nene ikimdanganya mtazamaji. Akanionyesha pia kibati kidogo kwenye pedi ya ndani: kimewekwa makusudi kiguse diski na kupiga kelele pedi inapokaribia kwisha. Ile sauti niliyoiita vumbi ilikuwa ni onyo.

Hapo, nikiwa nimepiga magoti mchangani na kile chuma mkononi, nikayakumbuka maneno yote ya yule kijana. Alisema, "Maalim, pedi bado nene. Lakini niletee Jumamosi niifungue, maana ya ndani siioni." Nusu ya kwanza niliichukua kwa kuwa ilinipendeza. Nusu ya pili niliisahau kwa kuwa ilinitaka fedha na wakati. Kisha nikasimama mbele ya watu nikamwita mwongo.

Sikumwambia mzee kitu. Nikaendelea na kazi. Tulisafisha pini, tukazipaka grisi ya breki, tukabadili mipira. Pistoni tuliirudisha ndani polepole kwa klampu huku tukiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwa sababu mafuta yale huharibu rangi ya gari. Diski zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo nilinunua mbili mpya Nzega, na pedi za pande zote mbili za mbele. Mzee alinionya kwamba kubadili upande mmoja tu ni kulifanya gari livute.

Tulipomaliza nikaingia garini kwa furaha, nikataka kuwasha niondoke. Mzee akashika mlango. "Kanyaga kwanza." Nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini kana kwamba hakuna breki kabisa. Nikaogopa. Kumbe pistoni ikisharudishwa ndani, sharti ukanyage mara kadhaa mpaka pedi zikutane na diski. Nilipokanyaga mara ya tano pedali ikawa ngumu. Laiti ningaliondoka kwa furaha yangu, ningaliugonga ukuta wa madrasa.

Jioni tulikaa kunywa chai, na mzee akazungumza habari za njia. Wazee wa Kinyamwezi waliopita hapa Unyamwezi na misafara ya kwenda pwani walibeba kichwani au begani frasila 2 hivi, karibu kilo 32, na mpagazi aliyechoka aliutua mzigo wake akasimama. Leo sisi tumekalia mzigo ambao miguu yetu haiwezi kuusimamisha. Akakumbusha tarehe 24 Juni 2002 huko Igandu, Dodoma, katika reli hii hii ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Treni ya abiria iliyoharibika breki ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 200. Tukanyamaza sote wawili.

Ijumaa iliyofuata nilikaa barazani pale pale, mbele ya watu wale wale, nikiwa na ile pedi mfukoni. Nikaitoa, nikaeleza kila jambo, pamoja na ile nusu ya maneno niliyoisahau. Kumsema mtu hadharani kisha ukamwomba radhi chumbani si malipo yaliyo sawa. Kijana alikuwapo. Akainuka, akanishika mkono akasema, "Shikamoo Maalim. Na mimi nilikosa, ningalikukumbusha." Sikuweza kumjibu upesi.

Ndugu zangu, sisi walimu huwasimulia watoto habari ya Mbedui na ngamia wake: kwamba mtu hufunga kwanza, kisha hutawakali. Nimeisimulia mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, hali ngamia wangu mwenyewe alikuwa hana kamba. Basi mwenye gari asikiapo breki zinalia, asingoje. Afungue gurudumu au amwite anayejua, atazame pedi ya ndani kama atazamavyo ya nje, na unene ukifika milimita 3 azibadili. Na mwenye kutaka kumlaumu fundi wake, naye afungue kwanza.

Ile pedi nimeitundika ukutani madrasa. Watoto huniuliza ni kitu gani, nami huwaambia.

Wassalaam.