Nusu ya Mtumbwi Iliyozunguka Dunia

Wamama wapenzi, juma hili tunasafiri mbali, mpaka Gloucester, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Tunakwenda kutazama jambo ambalo sisi watu wa Ziwa Kivu na Tanganyika tunalielewa upesi: mtumbwi mdogo unaobebwa na chombo kikubwa, na namna ya kuutunza ili usilale na maji.

Zamani vyombo vya tanga vya Gloucester vilikwenda kuvua mbali baharini, vikibeba mitumbwi ya mbao yenye tako bapa iitwayo dori. Wavuvi walipofika kwenye samaki waliteremka ndani yake, mara nyingi wawili wawili. Mitumbwi hiyo yote ilipangwaje juu ya chombo? Mbao za kukalia ziliondolewa, kisha mmoja ukaingia ndani ya mwingine, kama tunavyopanga mabakuli jikoni. Chini ya dori palikuwa na tundu lenye kizibo. Juu ya chombo kizibo kilitolewa, na maji yakatoka yenyewe. Kabla ya kuishusha kilirudishwa. Tena kwa upande wa nje kizibo kilikuwa na kitanzi cha kamba, ili dori ikipinduka mvuvi apate pa kushika.

Katika mwaka 1895 baharia Joshua Slocum alipita Gloucester akijitayarisha kuzunguka dunia peke yake. Chombo chake, Spray, kilikuwa na urefu wa mita 11 hivi, na dori nzima isingepata nafasi. Basi alichukua dori kuukuu, akaikata katikati na kuziba kwa mbao pale alipokata. Nusu ile ilimtosha mtu mmoja, na aliweza kuipandisha na kuishusha bila msaidizi. Safarini ilikuwa pia beseni lake la kufulia na la kuogea. Slocum mwenyewe aliandika kwamba kule Samoa mama aliyemfulia nguo aliipenda sana, akaitaka iwe yake. Sisi hatumshangai mama yule!

Lakini nusu hiyo karibu imwue. Mwezi wa 12 mwaka uleule, Spray ilikwama mchangani kwenye pwani ya Uruguay. Slocum alipakia nanga na kamba katika mtumbwi wake ili akaitupe mbali, achomoe chombo. Mzigo ulikuwa mzito na mawimbi makali. Mtumbwi ukajaa maji, ukapinduka. Baharia huyo hakujua kuogelea. Aling'ang'ania ukingo wake, akajaribu mara kadhaa kuugeuza, mpaka akaweza na kurudi pwani. Tarehe 27 mwezi wa 6, 1898, alimaliza safari yake Newport, Marekani.

Hata leo wenye vyombo vya tanga wana njia tatu za kubeba mtumbwi. Wengine wanaulaza kifudifudi juu ya chombo na kuufunga kamba sana. Hapo mvua haiwezi kukaa ndani. Wengine wanauning'iniza nyuma, kizibo kikiwa kimetolewa, na upande wenye tundu ukiwa chini kidogo. Wengine wanauvuta kwa kamba, lakini bahari ikichafuka unaweza kujaa, au kamba ikakatika.

Kwa nini maji kidogo yanaogopwa hivyo? Tupige hesabu ya nyumbani. Mtumbwi wenye nafasi ya mita 2 na nusu kwa mita 1, ukiwa na maji ya sentimita 10 tu, umebeba litri 250. Hizo ni bidoni 12 na nusu za litri 20, yaani kilo 250, sawa na mifuko 5 ya simenti. Na mzigo huu hautulii: mtumbwi ukiinama, maji yote yanakimbilia upande uleule na kuuinamisha zaidi.

Gloucester wanajua bei yake. Wavuvi maelfu wa mji ule hawakurudi. Mwaka 2001 chama cha wake wa wavuvi kilisimamisha sanamu kando ya maji: mama amembeba mtoto mchanga, mwingine amesimama ubavuni, na wote wanatazama baharini. Ni wamama wenyewe walioanza kazi hiyo, katika ushirika kama huu wetu.

Basi wapenzi, siku ya soko, kabla ya kumpandisha mtoto katika mtumbwi, tuangalie kwanza chini. Maji yakiwamo, tumwombe mwenye chombo ayakumbe yote, hata kama wenzetu wana haraka. Tuulize kopo la kukumbia liko wapi, tena liwe limefungwa kamba, maana kopo lililochukuliwa na wimbi halimsaidii mtu. Na mzigo ukizidi, tungoje mtumbwi mwingine.