Unapima Nini?

Ukisimama kando ya reli mjini Kisumu na kamera shingoni, hakuna atakayedhani kwamba unapenda treni. Watadhani umetumwa. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa nikipiga picha za treni huku, kuanzia Kibos hadi karibu na geti la bandari, nimeulizwa swali kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa macho tu, lakini swali ni lile lile: unapima nini? Wengine hawaulizi. Mama wa mboga anamwita mtoto wake arudi ndani, na baada ya dakika mbili wazee watatu wako nyuma yangu, mikono mgongoni, wakisubiri nianze kujieleza.

Nawaelewa. Kwenye ardhi ya reli, mtu wa kwanza kufika huwa na chombo chenye miguu mitatu. Wa pili huja na kopo la rangi nyekundu, akachora X ukutani. Wa tatu huwa ameketi ndani ya tingatinga. Mimi nikiwa na kamera yangu nafanana sana na yule wa kwanza. Ndiyo maana stendi ya kamera siku hizi naiacha nyumbani. Afadhali picha itikisike kidogo kuliko mtu kukosa usingizi kwa sababu yangu. Nikifika nasalimia kwanza, nanunua ndizi au njugu, naonyesha picha za zamani kwenye simu. Nikisema napenda tu treni, wanacheka. “Omera, treni inapendwa namna gani? Ingekuwa Gor Mahia ningeelewa.”

Inapendwa hivi. Unasikia honi kabla hujaona kitu. Halafu reli yenyewe inaanza kutoa sauti nyembamba, kama mtu anayenoa kisu mbali. Kisha inatokea injini, kubwa kuliko ulivyoikumbuka, na ardhi chini ya viatu vyako inatetemeka. Uingereza kuna watu wazima wanaosimama mwisho wa jukwaa la stesheni na daftari, wakiandika namba za injini, na hakuna anayewaita wachawi. Mimi pia nina daftari. Humo kuna injini za darasa la 93 na 94, zile za General Electric, na tarehe nilizoziona. (Wahariri kila mara huniomba niandike “nyoka wa chuma”. Nakataa. Nyoka huyo amechoka, aachwe apumzike.)

Tatizo kubwa la kazi hii hapa kwetu ni jua, si askari wala vumbi. Wenzangu wa Nairobi hawaamini mpaka niwachoree. Treni ya abiria iliporejeshwa ilikuwa ikiondoka Nairobi Ijumaa jioni na kuingia Kisumu Jumamosi asubuhi. Ilipoingia ilitoka mashariki, kwa hiyo jua linalochomoza lilikuwa mgongoni mwake. Jumapili jioni ilirudi, ikielekea mashariki, na jua likizama upande wa ziwa, tena mgongoni mwake. Yaani mara zote mbili uso wa injini ulikuwa kivulini. Ni kana kwamba aliyepanga ratiba alikuwa na ugomvi na wapiga picha. Isitoshe, tuko karibu kabisa na ikweta, ambapo jua halitambai pembeni mwa anga kama kule Ulaya, linapanda wima. Ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya upigaji picha vinausifu kwa saa nzima, Kisumu unaupata kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, tena isiwe moto.

Kwa hiyo unajifunza kalenda. Mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini kidogo mwa mashariki, na ubavu wa treni unaotazama milima ya Nandi ndio unaopata mwanga. Desemba mambo yanageuka: ubavu wa kusini ndio unaong’aa, na hapo ukisimama upande wa uwanda wa Kano, unapata treni, miwa, halafu nyuma yake ule ukuta wa Nandi, wa buluu, wote ndani ya fremu moja. Kwangu mimi hakuna mahali pazuri zaidi kwenye njia nzima kutoka Nakuru. Watu wa Londiani wataniandikia kulalamika, na waniandikie.

Desemba ni mwezi wa reli yetu kwa sababu nyingine pia. Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, na Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, akapigilia msumari wa mwisho. Mji ukaitwa Port Florence kwa muda. Picha nyingi za ujenzi ule ni za William Young, na nimezitazama mara nyingi kwenye skrini, nikizikuza mpaka zinavunjika vipande. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa kazini. Kwenye picha za enzi ile injini ina namba inayosomeka vizuri. Watu waliosimama kando yake hawana namba wala majina. Mimi huwa nakuza pembe za picha, si katikati. Nani yule aliyechuchumaa? Ile nyumba ya nyasi kule nyuma ilikuwa ya nani, na mwaka uliofuata ilikuwa bado ipo?

Baadaye njia kuu ya kwenda Uganda ikapita Eldoret, na Kisumu ikabaki tawi. Treni ya abiria ikaja kusimama kabisa, na kwa takriban miaka kumi kilichokuwa kinapita relini ni mbuzi. Nilipiga picha hata hizo. Nyasi zilimea katikati ya mataruma hadi kiunoni, watu wakaanika nguo na omena, wengine wakajenga. Mtoto aliyezaliwa miaka ile alikuwa na haki ya kudhani kwamba reli ni aina fulani ya barabara ya miguu. Ukarabati ulipoanza, wanajeshi na vijana wa NYS wakafyeka na kubadilisha mataruma, na Desemba 2021 treni ikarudi. Nilikuwa pale, nimesongamana na watu wa kila rika. Bibi mmoja kando yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilifurahi, sitadanganya. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nusu ya picha za asubuhi ile hazifai.

Lakini miezi kumi kabla ya furaha ile, Februari 2021, kafyu ya Korona ikiendelea, tingatinga ziliingia Kibos. Wanubi wa Kibos ni vizazi vya askari wa KAR. Walizaliwa pale, wakazika pale. Makazi yao yalibomolewa, na maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao. Mambo ya hatimiliki na mahakama nawaachia mawakili. Mimi nazungumzia picha, kwa sababu haikupita muda nikaanza kutafutwa.

Mwendesha boda mmoja alinikumbuka. “Si wewe ndiye yule wa treni? Kuna mama anakutafuta.” Nilipelekwa mpaka kwa jamaa zake alikokuwa amehifadhiwa, upande wa Manyatta. Nikaingia, asalaam aleikum, aleikum salaam, nikapewa kiti na yeye akakaa kwenye mkeka, jambo lililoniaibisha, lakini alikataa tubadilishane. Ni mama wa miaka sabini na kitu. Hakuzunguka.

“Mwanangu, wewe ulikuwa unapiga picha pale kwetu. Mimi nilikuwa nakuona. Siku moja nilitaka kukufukuza, mzee wangu akaniambia niache, huyo ni kichwa tu kimepata moto. Sasa nataka kujua: nyumba yangu iko ndani ya hiyo kamera?”

Nikamwambia nitatafuta. Usiku ule nilifungua diski zote. Nina tabia ya kuzipa picha nyota, moja hadi tano, na mara nyingi siangalii tena zilizo chini ya tatu. Niliipata kwenye folda ya Agosti 2010, ina nyota moja. Injini ya darasa la 93 inavuta mabehewa ya mizigo. Bado nasema ni picha mbaya ya treni: injini imekatwa kulia, uso uko kivulini (jua tena), na theluthi nzima ya upande wa kushoto imeliwa na nyumba ya mabati, kamba ya nguo, tangi la maji na mwembe. Mlangoni kuna mtu amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo kwa treni. Kila mtu mwingine pichani anaitazama treni. Yeye anavunja kuni.

Nilirudi na tarakilishi. Mama akavaa miwani, akasogea, akanyamaza. Halafu akaweka kidole gumba juu ya injini, akaifunika kabisa, kama mtu anayezuia mwanga usimwumize macho. Akaanza kusoma upande wa kushoto. Huo ni mlango wa mbele, ulinunuliwa kwa pesa za mahindi. Hilo tangi aliniletea mtoto wa kwanza. Ule mwembe ulipandwa na baba mkwe. Na huyo aliyekaa hapo ni mzee wangu, alifariki 2016, mgongo wake naujua hata gizani. Aliniuliza kama ninaweza kumgeuza. Nikamwambia kamera haiwezi. Akasema, “Basi, hakuwa anapenda hayo makelele hata kidogo.”

Wajukuu wakajaa chumbani. Kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza kama picha inaonyesha siku iliyopigwa. Nikamwonyesha: kamera huandika tarehe na saa ndani ya faili yenyewe. Wakatazamana. Wakili, akasema, amekuwa akiuliza vitu vya namna hiyo, kila mtu alete alicho nacho, hata bili, hata picha ya harusi. Vitu vyao vilikuwa chini ya mabati yaliyokunjwa. Tangu siku ile nimepekua folda za miaka kumi na minne, na nimetoa picha arobaini na moja ambazo zina ukuta, choo, msikiti kwa mbali, mti ambao mtu anaujua. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye nyota zaidi ya mbili.

Ya mama niliipeleka kusafishwa kwenye duka moja mtaa wa Oginga Odinga. Alikuwa ametoa maagizo. Nakala nane, kwa sababu watoto wako wanane. Treni itolewe yote, ibaki nyumba tu. Kijana wa dukani akaniangalia. “Boss, ukikata hapa unapoteza treni.” Nikamwambia akate.

Nakala ya tisa, ya wakili, treni iachwe, na tarehe iandikwe chini. Mama alisema iandikwe kubwa, mtu aisome bila miwani.