Ngumi Ndiyo, Risasi Hapana

Kila Ijumaa, kama mwezi haujajaa na betri imeshiba jua, tunaonyesha sinema uani kwetu hapa Kakuma. Nasema uani, lakini ni kauwanja tu katikati ya nyumba nne za udongo, na upande mmoja kuna ua wa miiba. Fundi cherehani alitushonea shuka mbili nyeupe zikawa moja, juu akaacha mkunjo wa kupitisha mti. Chini tunafunga mawe, kwa sababu upepo wa Turkana hauna adabu. Watu wanakuja na viti vyao wenyewe. Viti ni madumu ya maji, yale ya lita 20, matupu. Akikalia mtu mzito dumu linalia, na watoto wanacheka kabla hata filamu haijaanza.

Projekta yetu ni ile ya bei rahisi, mbalamwezi inaishinda kabisa. Betri ni ya asidi, amp 100, imezeeka. Kwa hesabu ya kwenye karatasi ingetubeba karibu saa tano. Inatubeba mbili, ikipenda. Kwa hiyo filamu ya saa mbili na nusu hatuigusi hata isifiwe namna gani. Kabla watu hawajakaa tunafagia, halafu tunapitisha tochi chini kutafuta nge. Hiyo ya nge usiione ndogo. Mtoto mmoja akidungwa, Ijumaa inayofuata utabaki wewe na shuka lako.

Mambo haya sikuyaanzisha mimi. Nilipofika hapa kutoka Kivu Kusini nikiwa mdogo, nililikuta lori la FilmAid. Shirika hilo lilianza 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Macedonia, na Kakuma lilifika 2001. Lori likisimama, habari inakimbia bloki kwa bloki, na umati ulikuwa mkubwa hata wengine tunakaa nyuma ya skrini. Filamu zangu za kwanza nilizitazama kinyume: herufi zimegeuka na watu wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Nilidhani huko Ulaya ndivyo wanavyokula.

Siku hizi sokoni kuna vibanda vya video. Unalipa kidogo, unabanwa kwenye benchi, bati juu linakupika, na sauti ya DJ Afro inakufasiria Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili cha Kenya. Mimi vibanda sivitukani, nimekulia humo. Lakini dada yangu hajawahi kuingia hata siku moja, na rafiki zake pia hawajaingia. Ni mahali pa wavulana. Ndiyo maana tukaanzisha ya uani.

Kazi ngumu haikuwa projekta. Ilikuwa wazazi. Baba mmoja jirani, mwenye mabinti watatu, aliniita akanikalisha. "Mwanangu, wewe ni kijana mzuri. Lakini giza si rafiki ya mtu." Sikumbishia, maana alikuwa anasema ukweli, sote tunajua mambo yanayotokea njiani usiku. Nikamwambia, mzee, basi tupe masharti. Akatupa: mwisho saa tatu kamili, kina mama wakae pembeni wakiona kila mtu, na wasichana warudishwe kwa kikundi, mama mwenye tochi mbele na mwingine nyuma. Tukakubali yote. Ijumaa tatu za kwanza alikuja na kiti chake, akakiweka akiipa skrini mgongo. Alikuwa anatazama watu, hatazami filamu. Ijumaa ya nne tukaweka Chaplin. Nikasikia kiti kinageuka.

Sharti jingine lilitoka kwa bibi mmoja wa Kirundi. Kila mara kabla ya kukaa alikuja kwangu na swali lile lile: "Kuna bunduki humo ndani?" Nikisema hakuna, anakaa. Vijana wangu wanapenda filamu za vita, na niliposema hatutaonyesha walinuna: ati tunataka kuwafanya watoto. Tulibishana jioni mbili nzima. Mwishowe mmoja wao, ambaye yeye mwenyewe akisikia mlango wa bati unapigwa na upepo anasimama, akasema, basi tuweke hivi: ngumi ndiyo, risasi hapana. Ikawa sheria. Bruce Lee anaruhusiwa. Kila filamu naitazama kwanza peke yangu, na vipokea sauti masikioni, daftari mkononi. Naandika dakika. Dakika ya 41 radi, punguza sauti. Dakika ya 58 helikopta, waambie mapema. Ukiwaambia watu "sasa hivi kutapita ndege, ni ya filamu tu," wanabaki wamekaa.

Chaplin ndiye mfalme wa uani kwetu, na sababu ni rahisi: hasemi. *The Gold Rush* ni ya 1925, na hapa Mkongo, Msomali, Msudani Kusini na watoto wa Kiturkana wanaoruka ua wote wanaielewa kwa wakati mmoja. Kuna pale ana njaa ndani ya kibanda, nje theluji tupu, anachemsha kiatu chake. Anakula kamba kama tambi. Misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Tuliiweka wiki ambayo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena, na nilikuwa na wasiwasi. Kulikuwa kimya kidogo. Halafu mama mmoja wa Fizi akasema kwa sauti, "Huyo naye kadi yake wameikata!" Sijawahi kusikia kicheko kama kile hapa kambini. Mwenzake kibandani alipoanza kumwona Chaplin kama kuku, watu walishikana mabega.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, niseme moja na msinune. Msituletee filamu za kunawa mikono peke yake. Kunawa tunajua. Shida ni maji.

Na kwa habari ya maji: binamu yangu alihamishiwa Marekani, na juzi alinitumia video ya majirani zake. Nao wanatazama sinema nje, usiku, uani kwao. Ila wamekaa ndani ya beseni kubwa la maji ya moto, mvuke unapanda, vichwa tu vinaonekana. Nikawaonyesha vijana kwenye simu. Mdogo mmoja akauliza, "Hao banapikwa?" Tulipomaliza kucheka, msichana wa kidato cha pili akaanza hesabu. Beseni la watu watano au sita linameza kama lita 1,500. Kipimo cha UNHCR kwa mtu mmoja kwa siku ni lita 20. Madumu 75. Binamu alijitetea, ati maji yale hayamwagwi, yanatiwa dawa yanakaa miezi. Sawa. Hakuna aliyekasirika, walichotaka kujua ni kama simu ikiangukia humo inapona. Ijumaa ile, kwa udadisi tu, nilihesabu madumu yaliyokaliwa uani. Yalikuwa 81.

Filamu iliyotupa kazi zaidi ni *Supa Modo*, ya Likarion Wainaina, ya 2018. Ni ya Kenya, Kiswahili kimo, haina risasi hata moja. Msichana mgonjwa, hatapona, anataka kuwa shujaa anayeruka, na kijiji kizima kinamsaidia. Nilijua italiza. Hapa kuna mama waliozika watoto njiani bila hata kusimama. Niliwapitia nyumbani mapema, mmoja mmoja, nikawasimulia mwisho wake ili anayetaka kubaki nyumbani abaki. Walikuja wote. Baada ya saa tatu, mama mmoja hakuinuka kwenye dumu lake. Nikakaa naye. Hakusema chochote kuhusu mtoto wake. Aliuliza kama betri inaweza kurudia kipande kile cha kijiji peke yake. Ilikuwa imebaki na dakika chache. Tulikirudia, sisi wawili na wale kina mama wa tochi.

Sasa maikrofoni nimeanza kuigawa. Yule msichana wa hesabu anafasiria filamu za Kiingereza, kwa Kiswahili cha kwao Uvira. Wavulana wa Kakuma 1 wanampigia kelele aongee Kiswahili cha Kenya, Wasudani wanataka Kiarabu cha Juba, yeye anawajibu wote kwenye spika wanyamaze au waende kibandani wakalipe. Baba yake ni yule mzee wa kiti. Wiki iliyopita alikaa mbele kabisa. Filamu ijayo amechagua binti, na ameondoka na daftari langu akaandike dakika mwenyewe.